Mkono wa Karambu

Wanaosema kupimwa damu ni jambo dogo hawajawahi kumpeleka mama yao maabara ya mjini Meru akiwa hajatia kitu tumboni tangu jana. Kathambi alimpeleka wake. Ilikuwa likizo ya Aprili, shule zimefungwa, na daktari alikuwa amesema figo za mama zimeanza kuchoka. Damu ipimwe kila mwezi, alikazia, ili mambo yakianza kuharibika ajue mapema na kumpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu kabla maji hayajazidi unga. Mama mwenyewe, Ciakuthii, aliitikia kwa kichwa, kisha akauliza kama siku hiyo ya kupimwa chai nayo imekatazwa. Akaambiwa hata chai.

Waliondoka Muthara alfajiri, mama amejifunga leso kichwani, amekataa hata maji ya kusukutulia asije akameza. Walipanga foleni mpaka jua likawachoma visogo. Walipofika dirishani kijana mmoja akasema, bila kuinua macho, kwamba mashine imekwama na fundi anatoka Nairobi. Warudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata mashine ilikuwa nzima lakini dawa ya kupimia ilikuwa imeisha. Mara ya tatu waliruhusiwa kuingia, wakafurahi kama waliopewa viza, na mama akakabidhiwa kwa mwanafunzi wa mazoezi aliyekuwa akijifunzia kwenye mikono ya wazee.

Mwanafunzi alichoma mkono wa kulia. Mshipa ukakimbia. Akachoma wa kushoto, akachoma kiganjani, akaita mwenzake naye akachoma. Ciakuthii aliwanyooshea kila walichotaka. Alikuwa mwanamke wa kubeba gunia la viazi mgongoni na kupanda nalo mlima, sindano haikumtisha. Mwishowe kichupa kilijaa, nao wakaenda kungoja kwenye benchi, njaa imemkausha mama midomo. Alasiri dirisha likafunguliwa. Damu imeganda, wakaambiwa, kichupa hakikutikiswa vizuri, itabidi arudi Alhamisi. Na asile.

Kathambi alifoka. Alifoka kwa Kiswahili, akafoka kwa Kiingereza, akataka kumwona mkubwa wao, na mkubwa wao alikuwa kwenye semina. Mama alimshika kiwiko akamvuta kando, kisha akarudi mwenyewe dirishani. Mikono yake ilikuwa imevilia damu kuanzia kiwiko hadi kiganja, rangi ya zambarau zilizoiva.

"Kwani hiyo damu yangu mmeitupa wapi?" aliuliza.

Kijana akafunga dirisha. Walipokuwa wakishuka kwenda stendi alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba hatarudi pale tena, na Kathambi alimjua mama yake. Akishasema, amesema.

Kilichomtia Kathambi uchungu zaidi ni kwamba kwake nyumbani, kule Embu, alilala na mtaalamu wa maabara kitanda kimoja. Gichovi, mumewe, ndiye aliyeendesha maabara ya hospitali ndogo ya kanisa nje ya mji. Alikuwa na mkono mwepesi hata akina mama waliwapitisha watoto wachanga hospitali kubwa kubwa ili wachomwe na yeye. Mashine yake aliifuta vumbi kila jioni kama mtu anayempangusa mtoto pua. Basi kwa nini mama ateswe na wanafunzi wa Meru? Kathambi alipiga simu Muthara akamwambia mama apande gari aje Embu.

"Huyo ni muthoni wangu," mama akasema.

Hakuhitaji kueleza zaidi. Muthoni ni mkwe, na kati ya mama mkwe na mume wa bintiye kuna heshima nzito ambayo watu wa mjini huiita mambo ya zamani mpaka iwafikie wenyewe. Hawaketi benchi moja. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Ciakuthii hakuwa amewahi kula wala kulala nyumbani kwa Gichovi, na si kwa kumchukia. Alimpenda mno. Kila mavuno alimtumia gunia la viazi alivyovichagua mwenyewe. Na Gichovi, ambaye kwao Embu pia heshima hiyo ipo, aliishika kuliko Wameru wenyewe. Binti yao wa pili alipewa jina la bibi yake, Ciakuthii, kama desturi inavyotaka, lakini baba mtu hakuwahi kulitamka. Alimwita "Mama" tu, na mtoto alipovunja sahani alikemewa kwa upole hivi kwamba dada yake aliona wivu.

Sasa mwanamke wa namna hiyo amvulie sweta mkwe wake, amnyooshee mkono mtupu, amwache atoe damu? Kathambi alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Alipanga Lydiah, msaidizi wa Gichovi, ndiye amtoe mama damu, na Lydiah mwenyewe akaenda likizo ya uzazi, wala hakurudi tena kazini. Mei ikapita bila kipimo. Ndipo siku moja mwezi wa Juni mama akapiga simu, sauti nyepesi, akasema sawa, atakuja. Ila Karambu amsindikize.

Karambu alikuwa mdogo wake mama, waliyeachiana ziwa. Walifanana shilingi kwa ya pili: urefu ule ule, mwendo ule ule wa kuburuta mguu wa kushoto kidogo, hata leso walinunua pamoja sokoni. Kathambi alipozaliwa mama yake alibaki hospitalini akiugua muda mrefu, na Karambu, aliyekuwa na mtoto mchanga wake, ndiye aliyemnyonyesha. Kwa hiyo Kathambi alimwita tata, yaani mama mdogo, lakini moyoni alikuwa na mama wawili. Hakuona ajabu yoyote kwamba wangesafiri pamoja. Walikuwa wakienda pamoja hata kisimani.

Siku hiyo Kathambi alikuwa darasani akifundisha, na Gichovi ndiye aliyemletea habari jioni. Alivua viatu mlangoni, akaketi, akatazama viganja vyake.

"Mama amenipa mkono wake," akasema.

Alisimulia kama mtu aliyekatiwa shamba. Mama alikuwa ameingia ameshusha leso mpaka kwenye nyusi, akaketi, akageuza uso kutazama ukuta. Yeye naye hakuinua macho. Alitazama mkono peke yake. Alisema "pole, mama" na hakusema jingine, na mshipa ukakubali mara ya kwanza. Damu nzuri, nyekundu. Akaipeleka kwenye mashine mwenyewe. Majibu yalitoka safi kabisa. Figo zilikuwa zikifanya kazi kama za msichana.

Kathambi aliingia jikoni akalia akiwa ameshika mwiko. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemgusa mama yake, na watu wakapiga makofi.

Wakaendelea hivyo kila mwezi. Kathambi aliomba ruhusa saa ya chakula cha mchana akakutana na kina mama hao wawili kwenye hoteli moja karibu na soko, kwa kuwa nyumbani kwake mama hangekula. Karambu aliagiza chapati na ndengu, akala, akaagiza tena, akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho. Mama alikunywa chai kidogo akasogeza kikombe. Siku moja Kathambi alimtania mama yake mdogo.

"Tata, kwani ni wewe ulilala njaa?"

Wale wanawake wawili walitazamana. Kisha wakacheka, wakacheka mpaka wakapangusa machozi kwa ncha za leso, naye Kathambi akacheka nao bila kujua anacheka nini. Sasa hivi ukimtajia ndengu huinuka akatoka nje.

Daktari wa Meru alipokea majibu hayo mwezi baada ya mwezi, na mwezi baada ya mwezi akafurahi. Alisema ni nadra kuona figo zikirudi namna ile. Akapunguza dawa. Habari ya mashine ya kusafisha damu akaifuta, hapakuwa na haja. Ciakuthii alipomwonyesha miguu iliyovimba, alimwambia alale ameiinua kwa mto, maana mtu mwenye damu kama ile miguu yake huvimba kwa kutembea tu. Akasoma karatasi vizuri sana, daktari yule. Miguu hakuisoma.

Na Ciakuthii aliridhika. Hilo ndilo linalouma. Hakuwa akimdanganya mtu, kwa jinsi alivyoona mambo. Aliamini karatasi kuliko mwili wake. Asubuhi alipoamka uso umejaa, aliposikia ladha ya chuma kinywani, alipokosa pumzi akitoka zizini kwa ng'ombe, alijiambia ni uzee, kwa sababu mkwe wake, mtaalamu, alikuwa amempima akasema ni mzima.

Shule zilipofungwa Novemba, Kathambi aliamua kuwashtukiza. Aliwanunulia mkate na ndizi, akawafuata hospitalini ili mama akimaliza tu apate cha kutia mdomoni. Alichelewa kidogo. Alipopita geti alimwona mama ameketi peke yake kwenye benchi la nje, kando ya ua, ndani ya sweta lake zito ingawa jua lilikuwa kali. Viatu alikuwa amevivua. Miguu ilikuwa imevimba hata vifundo havikuonekana, na kila pumzi aliivuta kwa mabega.

Kathambi aliketi karibu naye, akamshika mkono, akauliza kama ameshamaliza. Mama alitazama mlango wa maabara.

"Karambu bado yuko ndani," akasema.

"Tata anafanya nini ndani?"

"Anatoa."

Kathambi akamgeukia. Alisukuma juu mkono wa sweta la mama mpaka kiwikoni. Ngozi ilikuwa imevutika kwa maji, inang'aa, na hapakuwa na alama hata moja ya sindano. Akasukuma na wa pili. Nao hivyo hivyo.

"Damu ya nani, mama?"

"Yetu," mama akasema, akishangaa swali lenyewe. Kisha akaeleza polepole, akipumzika katikati ya maneno, kama anayemweleza mtoto. "Ulipozaliwa mimi nilikuwa nimelazwa. Ulinyonya kwa Karambu. Ukakua, hukuwa mtoto wa mwingine, ni wangu. Sasa kama maziwa yake yalitosha kuwa yangu, damu yake ishindwe na nini kunisemea? Tumetoka tumbo moja. Na huyu mkwe wangu, mtu aliyempa mtoto wake jina langu, nimfanyie aibu ya kumvulia nguo kwa nini?"

Kathambi alikuwa mwalimu. Alikuwa amefundisha darasa la sita habari za figo, akachora ubaoni mbili nyekundu na mrija wake, akauliza maswali, akasahihisha. Hapa aliachia mkono wa mama yake. Aliinuka akaenda mlangoni, mkate bado mkononi.

Gichovi alikuwa ameinama, macho yakiwa kwenye mkono aliokuwa ameushika kwa uangalifu mkubwa. Mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa amegeukia ukuta, leso imeshuka usoni. Kichupa kilikuwa kimejaa nusu.

"Huyo si mama," Kathambi akasema.

Mumewe hakuelewa. Alitabasamu kidogo, ile tabasamu ya kazini. Ndipo yule mwanamke alipogeuka, na kwa mara ya kwanza tangu Juni Gichovi akautazama uso wake. Sindano ilitoka, damu ikadondoka sakafuni, wala hakuna aliyeinama kuipangusa.

Walimleta mama ndani kwa kiti cha magurudumu. Alipojua kinachotakiwa alivuta leso akafunika uso wote, akakataa kwa kichwa. Kathambi alipiga magoti akamwambia hana njia nyingine, Lydiah hayupo, na hawana muda. Karambu alikuwa amesimama pembeni amebana pamba kwenye kiwiko, akirudia tu kwamba hakujua, hakujua. Hatimaye mama alitoa mkono chini ya leso. Aliutoa polepole sana, akauweka juu ya meza.

Gichovi alifunga mpira. Alipapasa. Mtu huyu aliyepata mishipa ya watoto wa siku chache alichoma akakosa. Akachoma tena, akakosa tena, na jasho likamdondokea juu ya mkono wa mama mkwe wake. Akaweka sindano chini. Ndipo sauti ikatoka chini ya leso, na hayo yalikuwa maneno ya kwanza Ciakuthii kumwambia yeye mwenyewe tangu amwoe bintiye.

"Usitetemeke. Mimi ni mama yako."

Akachoma, akapata.

Siku hiyo mashine haikukwama. Umeme haukupotea, dawa ilikuwepo, damu haikuganda. Kila kitu kilifanya kazi kama kinavyotakiwa, na baada ya muda mfupi Gichovi akatoka na majibu ameyakunja. Hakumpa Kathambi asome. Alisema tu kwamba wameita gari la wagonjwa.

Hospitali waliyopelekwa ilikuwa na mashine za kusafisha damu, nazo zilikuwa na foleni yake. Waliofika kabla walikuwa na siku zao, na wengine walikuwa hali mbaya kama yeye. Waliambiwa wangoje zamu yake. Kathambi alikesha kwenye kiti kando ya kitanda. Mumewe alisimama mlangoni, ndani haingii, heshima na aibu vimemshika miguu. Kulipopambazuka alimwita Kathambi nje.

"Nilitazama mkono peke yake," akamwambia. "Miezi yote hiyo. Kama ningemtazama uso, hata siku moja."

Kathambi alitaka kumlaumu. Alimtafutia kosa kwa nguvu zake zote, maana lingekuwa jambo la kushika. Lakini alichokiona ni mtu aliyeheshimu mama yake kupita kiasi, kama vile mama alivyomheshimu yeye, na kati ya heshima hizo mbili hapakuwa na nafasi ya kupitisha ukweli. Naye mwenyewe alikuwa ameona ndengu zikiliwa. Alimshika mumewe shati kifuani, akalia hapo.

Ciakuthii alifariki kabla ya saa sita mchana, foleni ikiwa imebakiza mtu mmoja mbele yake. Hakusema neno la mwisho la kukumbukwa. Aliomba chai, akakumbuka kuuliza kama imekatazwa, Kathambi akamwambia hapana mama, leo kunywa. Alipoenda kuitafuta na kurudi, alikuta muuguzi ameshavuta shuka.

Karambu hakuwa chumbani. Asubuhi hiyo alikuwa amemsikia muuguzi akisema kwamba mtu aliyeharibikiwa figo anaweza kupewa moja na ndugu yake wa damu, mradi ya ndugu ni nzima. Alikuwa ameinuka pale pale bila kumuaga mtu. Kathambi alimkuta kwenye korido, ameketi wima kwenye benchi lililokuwa nje ya maabara ya hospitali hiyo, mlango bado umefungwa. Sweta alikuwa ameliinua mpaka begani. Mkono ulikuwa umenyooshwa juu ya goti, kiganja kimetazama juu, na pale kwenye kiwiko zilionekana alama ndogo ndogo za sindano, kila moja kazi ya mkono mwepesi wa Gichovi.

"Sijakula," alisema alipomwona Kathambi. "Tangu jana sijakula kitu, usijali. Mwite Gichovi aje awaambie hawa watu wasipoteze muda kunipima. Si yeye mwenyewe alisema kila mwezi ni nzuri? Ndiyo hiyo. Wampe. Sisi ni wa tumbo moja."

Gichovi alikuwa amefuata nyuma ya mkewe. Alisikia. Aligeuka akaweka paji la uso ukutani.

Kathambi aliketi kwenye benchi. Kikombe cha chai bado kilikuwa mkononi mwake, akakiweka sakafuni. Alimwambia Karambu kwa Kimeru, kwa sababu kwa Kiswahili asingeweza, kwamba mama amekwenda. Karambu aliitikia kwa kichwa kama aliyesikia habari ya mtu wa mbali. Lakini mkono hakuuondoa. Aliuacha pale pale gotini, umenyooshwa, akitazama ule mlango uliofungwa, hata watu waliokuwa wakipita wakawa wanaukwepa.

Basi Kathambi akaushika. Akamshushia sweta taratibu, kutoka begani mpaka kiwikoni, akafunika zile alama, akalifikisha kwenye kiganja, akamfunga kifungo.